Grisi ya Beringi

Mama Pacha alikuwa hajamaliza chai pale kreni ya karakana ilipogoma. Fundi umeme ni yeye, basi akajitwika mfuko wa vifaa, akakata umeme, akatia kufuli kwenye swichi na kupanda ngazi ya chuma huku akiguna. Tangu watoto wake pacha waanze kuumwa kifua, usingizi alikuwa akiusikia kwa majirani tu.

Juu akafungua kifuniko cha pete za shaba, zile zinazopeleka umeme kreni inapozunguka. Pete zote zilikuwa zimepakwa grisi nyeusi, nzito, bila huruma. Ilikuwa grisi ya beringi, yenye unga mweusi kama wa penseli, unaopitisha umeme. Ilishachanganyika na vumbi la shaba, ikatambaa kutoka pete hii hadi ile, ndiyo maana swichi kubwa ilijikata.

Mwenye kopo la grisi hiyo karakana nzima alikuwa mmoja: mumewe, mpakaji mafuta wa mashine.

Akamwita. Baba Pacha akaja anatabasamu, lakini alipomwona mkewe usoni, tabasamu likamkauka.

"Jana ulisema pete zinakwaruza na wewe umechoka," alisema. "Nikaona nikupunguzie kazi."

"Umeniongezea, baba."

"Kwani grisi si grisi tu?"

"Beringi inataka kushiba. Hizi zinataka kulambishwa tu, tena grisi yake yenyewe."

Alitaka kufoka, lakini hata hasira inahitaji nguvu. Akamtupia kitambaa na chupa ya spiriti. Wakasugua bega kwa bega mpaka shaba ikang'aa na vidole vikawawasha. Kisha akamkabidhi kijitubu cha grisi ya swichi.

"Punguza," akamwambia. "Bado nyingi. Futa."

"Sasa mbona hata haionekani?"

"Ikionekana, ujue umezidisha."

Waliposhuka na kurudisha umeme, kreni ilizunguka kimyakimya, bila cheche. Mama Pacha akajibwaga juu ya kreti nyuma ya stoo, mumewe akaketi kando yake. Alifungua kinywa amwambie mumewe jambo, pengine asante, pengine usirudie, lakini usingizi ukamwahi.

"Fundi yuko wapi?" msimamizi akapaza sauti.

"Anakagua vifaa!" akajibu Baba Pacha, akikaa sawa ili kichwa cha mkewe kisiteleze kutoka begani mwake.