Mkunjo kwenye Utepe

Haya, nikutegee, na usimwulize jirani: akiwa kwenye baridi kali hubeba mzigo bila tone la jasho; akipata joto mahali padogo kama ukucha, huungua papo hapo, na mwili wake uliobaki hauna habari. Umeshindwa? Basi nisikilize, utamjua.

Fundi wa kusuka koili alikuwa na mkono mwepesi, na mdomo mwepesi zaidi. Asubuhi ile alizungusha utepe wa kupitisha umeme kuwa koili, mita mia mbili, mwembamba kama ganda la kitunguu. Mhandisi, mdogo wa mkewe, akachungulia mlangoni.

"Shemeji, utepe umepita salama?"

"Hebu kanywe chai huko, usinitie mkosi!"

Mhandisi akacheka, akaenda zake. Jibu hakupata.

Mchana waliitumbukiza koili kwenye pipa la naitrojeni kimiminika, baridi inayogandisha hata pumzi, ili utepe upitishe umeme bila kupata joto. Mhandisi akapandisha umeme polepole. Ampea mia moja. Mia na hamsini. Mshale wa kipimo cha joto umelala tuli.

Paa!

Pipa likatapika mvuke. Fundi akaruka nyuma, koleo likamdondoka. King'ora cha kuonya joto ndipo kikalia, kama mtu anayefika msibani watu wameshazika.

Walipoitoa koili, yote ilikuwa inang'aa, isipokuwa mahali pamoja: tundu jeusi, upana wa ukucha. Fundi alipajua mahali pale.

Mhandisi akaliinamia tundu. "Joto limejikusanya hapo tu, halikusambaa, king'ora kikachelewa kulihisi. Nami ndiye niliyekipanga."

"Labda utepe umetoka kiwandani mbovu," fundi akasema.

"Niliupima mwenyewe jana, wote. Ulikuwa mzima." Akavuta karatasi, akashika kalamu. "Naandika kosa ni langu. Wataninyang'anya kazi hii, shemeji. Miaka minne yote!"

Kalamu ikagusa karatasi. Fundi akaufunika mkono wa mhandisi kwa wake.

"Asubuhi uliniuliza kitu."

"Kitu gani?"

"Kama utepe umepita salama." Akakitazama kidole gumba chake kana kwamba ni cha mtu mwingine. "Haukupita. Uliniponyoka ukajikunja, nikaunyoosha kwa kidole hiki, nikaona hauna hata alama kwa nje. Nikausuka hivyo hivyo."