Mshale wa Chumba Namba Nne

Mishale ya Kibla niliibandika mimi, Wachuka, na si mtu mwingine. Hoteli yetu hapa Mweiga ilipoamua kupokea wageni Waislamu, pombe iliondolewa, wanawake wakatengewa saa zao za kukandwa, nami mkandaji nikapewa mishale ya karatasi niibandike mapokezi na vyumbani.

"Weka ikiangalia mahali wao huombea," meneja Kingori akaniambia, akaenda zake.

Badala ya kuuliza, nikajifanya mjuaji. Cucu, nyanya yangu wa Wamagana, aliomba akitazama Mlima Kenya kama Wakikuyu wa kale mpaka akafa, na ubatizo wake wote. Nikaielekeza mishale yote mlimani.

Jumatatu mwalimu wa msikiti wa mjini alikuja kukagua jikoni. Aliuona mshale wa mapokezi akasema Kibla huku ni kaskazini, si mlimani. Nikamdanganya kwamba ni huo mmoja tu uliokosewa. Alipoondoka nilizunguka vyumba vitupu nikibandua na kubandika upya. Kikabaki namba nne, alimokuwa Bi Rukia wa Malindi, mjane aliyekuja kutibiwa magoti. Kuugeuza mshale wake kulikuwa sawa na kukiri, nami niliogopa kuonekana mjinga.

Kwa hiyo nilinyamaza. Kila asubuhi nilimkanda magoti kwa mafuta ya nazi, naye akiniambia kwamba kila akisali huniombea mimi na watoto wangu. Niliona haya hata kumtazama usoni. Haya hizo hazikunifungua mdomo.

Alhamisi alasiri nilimkuta anatabasamu. "Mwanangu, leo nimesujudu na kuinuka bila kushika kitanda," akasema. "Mikono yako ina baraka."

Hapo uzalendo ukanishinda.

"Mama, hiyo mshale niliweka vibaya. Inaangalia mlima. Kibla iko huku."

Akautazama mshale, akanitazama mimi. Hakukasirika. "Umekosea tu, mwanangu. Kama hukujua, mimi sina neno nawe."

Ningeweza kuishia hapo. Nusura niseme asante.

"Nilijua, Mama."

"Tangu lini?"

"Monday."

Bi Rukia akahesabu kwa vidole. Kisha akaniomba nimgeuzie mswala. Nikautandaza upande wa kaskazini, nikarudi nyuma hadi mlangoni. Akaanza kuzirudia sala za siku zile, moja baada ya nyingine, akiinama na kusujudu.

Kufikia sala ya sita alikuwa anakishika kitanda tena. Alipoimaliza akabaki chini, akisugua magoti. Nikamwendea, nikamnyooshea mkono nimsaidie kuinuka.

Hakuushika. Akashika kitanda, akainuka polepole, akaanza sala ya saba.