Baraza la Mhariri

Halvard Tveitane alijua kupima. Kwa miaka thelathini kwenye gazeti la mji mdogo wa pwani ya Norwe, utepe wake wa kupimia ulikuwa umeshaangusha wakuu wawili wa mipango na meya mmoja, Borghild. Sheria hukataza kujenga ndani ya mita mia kutoka baharini bila kibali. Sauna ya Borghild, kibanda chake cha kuogea mvuke, ilikuwa mita tisini na tatu. Halvard alimshikisha meya utepe, akampiga picha, uso umemshuka. Picha ikampa tuzo, tuzo ikampa kiti cha mhariri, na kiti kikampa kitambi.

Jumatatu asubuhi mwandishi wake, Synne, aliingia na orodha kutoka manispaa: mabaraza yote ya nyumba za pwani yasiyo na kibali.

"Bosi, keti."

"Nimeketi."

"Basi shikilia kiti. Namba kumi na nne."

Halvard akasoma jina lake, akacheka. "Upuuzi! Nilipima mwenyewe. Mita mia na mbili."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi, maji yame..."

Maji yalikuwa yamekupwa. Yeye, aliyeandika makala tatu kuufundisha mji mzima kwamba kipimo huanzia pale maji yanapofika yakijaa, alikuwa ameanzia kwenye mwani ulioachwa wazi na maji.

"Una haki ya kujibu kabla hatujachapisha," Synne alisema, kwa sauti ileile aliyofundishwa naye. "Kama tunachapisha."

Mhariri alikuwa yeye. Bila jina lake, orodha ya majina kumi na matatu isingemshangaza mtu. Alitafuna mkate wake wa jibini ya kahawia polepole mno, kisha akaivuta rasimu ya Synne.

"Umeandika 'inasemekana alijenga'. Futa. Nilijenga. Tena nikajisifu."

"Na picha?"

Akafungua droo, akatoa utepe.

Gazeti lilitoka Alhamisi. Jumamosi, Halvard akiwa anang'oa ubao wa kwanza wa baraza lake, Borghild alitokea, mtaimbo begani, gazeti kwapani.

"Nimekuja kusaidia," alisema. "Lakini picha hii siikubali. Umetabasamu. Mimi uliniambia nisitabasamu."

"Nilikuambia hivyo?"

"Mara mbili."

Halvard akauchukua utepe, akauvuta, akainamisha uso. Borghild akainua simu yake.

"Chini zaidi," akasema.