Kibanda cha Wajukuu

Tangu mbolea ya ruzuku ikome, kibanda alichoihifadhia Klementina nyuma ya nyumba yake, pale Izia, kilibaki kitupu. Aliposikia kwamba binti yake Debora anakuja na watoto kutoka Dar, alikigeuza kiwe nyumba ya kuchezea, ili wapende kubaki kwake likizo nzima. Alikiosha, akang'oa misumari, akatoa komeo wasije wakajifungia, akapaka chokaa. Kwa kuhofia funza, sakafu akaisiriba kwa mavi mabichi ya ng'ombe wa jirani yake, Ngeleja.

"Mama, hapa hata mimi nahamia!" Ngeleja alimtania.

Watoto walipofika walimwamkia bibi yao shikamoo, wakaishia mlangoni mwa kibanda, wameziba pua.

"Bibi, ng'ombe wanalala humu?"

"Hapana, wajukuu zangu. Ni kwenu. Ingieni."

Debora alicheka. "Hawajazoea, mama. Tutalala gesti mjini. Tutakuja kukusalimu kesho."

Klementina hakumlaumu. Debora mwenyewe alitambaa juu ya sakafu kama ile, lakini ni zamani.

Walipoondoka aliingia, akavua kandambili, akaketi. Nje upepo ulikuwa wa baridi. Mle ndani kulikuwa na joto la kuwatosha watoto.