Orodha ya Jumamosi

Dobi alikuwa kwenye benchi nje ya ofisi ya karani wa kikosi tangu saa moja asubuhi, na sasa ilikuwa inakaribia saa sita. Benchi lilikuwa limevunjika mguu mmoja, limeegemezwa kwa tofali. Mapajani alikuwa na bahasha ya kaki: cheti cha ndoa, picha nne ndogo, na barua ya daktari kwamba hana ugonjwa wa kuambukiza. Mara tano karani amemwambia njoo kesho. Haya, leo kesho zimekwisha. Ilikuwa Alhamisi, kikosi kinarudi kwao Jumamosi, na jina lake lisipoingia kwenye orodha ya familia, mumewe anapanda ndege peke yake.

Na yeye abaki na nini? Miaka miwili amefua na kupiga pasi nguo za wanaume mia tatu wa kambi ile, wageni wote, waliokuja eti kulinda amani. Siku tatu baada ya harusi msimamizi wa udobi akampa barua ya mistari miwili: mke wa askari haruhusiwi kufanya kazi kambini. Unga ukamwagika hivyo hivyo, bila hata asante. Nyumbani nako mama yake, aliyekwisha kumwambia kwamba mwenye bunduki hana kwao, hakumgombeza. Alizikunja tu nguo za binti yake, vizuri kabisa, akazipanga nje ya mlango.

Koplo, mumewe, alikuja akakaa ubavuni pake. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku hiyo hata hayo machache yalikuwa yamemkauka. Alisema amempigia tena mama yake huko kwao, na mama amekata simu. Mama huyo alikuwa na sababu, tusimwonee: kaka yake Koplo alitangulia kuja nchi hii na magwanda, akarudishwa ndani ya sanduku. Na sheria ya jeshi lao inasema askari hamwoi mgeni bila kibali, na kibali hakitoki bila barua ya mzazi. Mwaka mzima Koplo amepigwa danadana. Mwisho akakata shauri, akaoa kwenye ofisi ya wilaya, mashahidi wakiwa fundi viatu na muuza vocha.

Walipoitwa ndani, Kapteni alikuwa ameketi kwenye pembe ya meza ya karani. Alimwita Dobi dada, akamwonyesha kiti, kisha akaweka simu mezani na kufungua sauti ili wote wasikie.

"Shikamoo, mama. Tuna jambo dogo la kuthibitisha. Kijana wako ana mke?"

Upande wa pili kuku alilia, mlango ukafungwa.

"Mwanangu hajaoa."

"Una hakika?"

"Nchi hiyo imeshanilia mmoja. Huyu mnirudishie peke yake, vile vile nilivyowapa."

Koplo akainamia simu. "Mama, niko hapa. Nimeoa. Mke wangu yuko hapa anakusikia."

Dobi akasema kile ambacho mtu humwambia mama yeyote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," sauti ikajibu, taratibu, kwa mazoea tu. Kisha simu ikakatwa.

Kapteni alisogeza karatasi mbili. Kwa ya kwanza, Koplo anakiri ameoa bila kibali: mahabusu, kisha anavuliwa gwanda. Kwa ya pili, hakuna ndoa, kulikuwa na kutoelewana, na Jumamosi anapanda ndege na wenzake. Alieleza yote bila kupandisha sauti, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya kwenda kituoni. Koplo akauliza cheti je.

"Cheti kipi, hicho cha huku kwao? Sisi hatukitambui."

"Mbona mlikitambua mliponifukuza kazi?" Dobi aliuliza.

Karani akacheka puani. Kapteni akamtazama Dobi kwa mara ya kwanza.

"Hiyo ni idara nyingine, dada."

Koplo akageuka kwa mkewe. Huko kwao kulikuwa na mama mjane na wadogo wanne wanaokula kwa gwanda lile, na Dobi aliwajua wote kwa picha. "Sema neno moja tu," alimwambia, "nisisaini hii ya pili."

Dobi alijua huo ndio wakati wa kusema. Aliutafuta uchungu, na hasira aliitafuta pia, lakini ndani alikuwa amekufa ganzi. Alichokiona ni kola ya mumewe, imepigwa pasi na mtu mwingine.

"Kola yako imepinda," alisema.

Koplo akachukua kalamu.

Jumamosi Dobi hakwenda popote. Ndege ilipita juu ya mabati ya chumba alichopanga, akaendelea kufagia.

Jumatatu msimamizi wa udobi alimfuata hadi mlangoni, uso umemkunjuka. Alimwambia mambo yake yamenyooka: barua imeshuka kutoka kwa karani, hana mume, kwa hiyo hakuna kinachomzuia kurudi kazini. Eti yamenyooka! Alisema kama anampa hongera. Dobi alitaka kumtemea mate. Alitafuta viatu vyake, akamfuata.

Kazi ya kwanza ilikuwa mablanketi ya waliokwenda. Kila moja lilishonewa namba ya mwenyewe pembeni, na zote zilitakiwa zifumuliwe kabla ya kufuliwa. Akapewa wembe. La Koplo lilikuwa katikati ya rundo. Namba ile aliishona yeye mwenyewe, kwa uzi maradufu isije ikatoka, ndiyo maana ilimchelewesha kuliko nyingine. Msimamizi akapita, akamwambia aongeze mwendo, kikosi kipya kinaingia Jumatano. Akasema sawa. Uzi ulipokwisha kutoka alisugua vitundu vya sindano kwa kidole gumba mpaka vikazibika, akalitumbukiza blanketi kwenye pipa la maji ya moto, akavuta lingine.