Mshikio wa Jagi

Mwalimu Devota alilinunua lile jagi la umeme dukani Kilindoni, mwezi uleule aliporipoti kazini Ndagoni. Lilikuwa la plastiki, jeupe, jepesi mno. Wiki nzima ya kwanza chai yake ilinuka kama ndoo mpya. Alichemsha maji akayamwaga, akachemsha tena akayamwaga, harufu isiishe. Ilififia tu mpaka pua ikaizoea. Lakini lilimfaa. Alikuwa mgeni kutoka Songea, hajui kukoka moto wa makumbi ya nazi, na jagi lilimpa maji ya moto kabla hajamaliza kuvaa viatu.

Baada ya miezi kadhaa, mshikio ukapata ufa pale ulipoungana na jagi. Devota akapasha kisu moto, akayeyusha plastiki mpaka ikashikana. Tangu siku hiyo hakulinyanyua kwa mshikio peke yake. Alilikinga chini kwa kitambaa, kila asubuhi, mpaka ikawa mazoea asiyoyafikiria tena.

Mwenye nyumba wake, Bi Mwanaharusi, alikuwa mjane, mkulima wa mwani. Alimpokea Devota kama mtoto wake. Hakuna jioni aliyopakua wali bila kumwita. Binti yake Shamsa alipojifungua, alirudi kwa mama yake kukandwa kwa maji ya moto, kama wafanyiwavyo wazazi wote. Ilikuwa masika. Kuni zimelowa, makumbi yamelowa, jiko linafuka moshi tu.

"Mwanangu," Bi Mwanaharusi alimwambia asubuhi moja, "kile chombo chako cha maji, waweza kuniazima?"

"Chukua tu, mama. Kipo mezani."

Devota alikuwa amechelewa shule. Alipofika mlangoni akaukumbuka ule ufa, akasimama. Akaona aibu kusema kwamba anamwazima mama wa watu kitu kibovu. Akajiambia mbona ule mshikio umeshika siku zote, akafungua mwavuli akaenda zake.

Saa nne akaitwa kutoka darasani. Alimkuta Bi Mwanaharusi ameketi barazani, mkono wa kulia umepakwa dawa ya meno kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko.

"Mshikio ulibaki mkononi mwake, jagi likaenda," Shamsa alisema huku analia. "Mtoto nilikuwa nimemlaza ndani, alhamdulillahi."

Wakampakia kwenye bodaboda hadi hospitali, Kilindoni. Muuguzi mmoja, Faraja, aliiosha ile dawa ya meno polepole, na ngozi ikawa inatoka nayo. Bi Mwanaharusi hakupiga kelele. Midomo yake ilikuwa ikicheza tu, akimtaja Mola wake.

"Maji baridi ndiyo yangefaa, mama, siyo dawa ya meno," alisema Faraja. "Na hilo jagi, lilikuwa bovu?"

"Lilikuwa zima. Ni mimi, sijazoea vitu vya umeme."

Devota alikuwa amesimama nyuma yao, ameshika mkoba wa mgonjwa.

Kidonda kilichukua miezi miwili kupona. Kilipofunga, vidole vitatu vikajikunja kuelekea kiganjani, havinyooki tena. Na mwani hufungwa kwa vidole: kichipukizi kimoja kimoja, kila kimoja na uzi wake, kamba baada ya kamba, ndani ya maji ya magotini.

Alasiri moja Devota alimkuta uani akijaribu kufunga fundo kwa mkono wa kushoto na meno. Uzi ukamponyoka. Akauokota, akaanza upya. Ukamponyoka tena. Devota akaketi chini mbele yake.

"Mama, lile jagi lilikuwa na ufa. Nilijua. Mimi mwenyewe nilikuwa nalishika kwa kitambaa."

Bi Mwanaharusi aliuweka uzi mapajani.

"Asubuhi ile ulijua?"

"Nilijua. Niliona aibu kukwambia."

"Ungesema tu, mwanangu. Ningelibeba kwa mikono miwili." Sauti yake haikupanda. "Na mie kule hospitali nikakukingia kifua, nisije nikakutia hatiani. Wewe umesimama palepale."

Devota alilia. Bi Mwanaharusi hakumnyamazisha, wala hakumfukuza. Mwishowe akasema, "Nimekusamehe, kwa haki ya Mungu. Lakini leo niache peke yangu."

Jumamosi zilizofuata, maji yakipwa, Devota alikwenda shambani kumfungia mwani. Alijitahidi. Mgongo ulimuuma, chumvi ikamla miguu, na mafundo yake yalikuwa malegevu. Maji makubwa ya bamvua moja tu yakapita na nusu ya mwani. Bi Mwanaharusi alizitazama zile kamba tupu, akamshukuru kwa kazi.

Kabla ya Ramadhani alimwita Somoe, mke wa kaka yake, akamkabidhi kamba zote na vigingi vyake. Devota aliwaona kutoka dirishani. Bi Mwanaharusi alikuwa akielekeza kwa mkono wa kushoto, mstari upi una mchanga mzuri, upi huliwa na samaki. Kisha Somoe akajitwisha kamba, akateremka pwani. Bi Mwanaharusi akabaki uani kwa muda, hana la kufanya, halafu akaingia ndani.