Jioni ya Habari za Seoul

Pauline Nakhungu alikuwa akishona sare za shule katika kibanda chake mjini Kitale wakati Mukami, msusi wa kibanda cha pili, alipoingia na simu mkononi.

"Mama Linah, Linah si yuko Korea Kusini?"

"Yuko Seoul. Kuna nini?"

"Rais wao ametangaza sheria ya kijeshi. Habari zimejaa kila mahali, hata TikTok."

Pauline aliondoa mguu kwenye cherehani. Bintiye alikuwa mwaka wa pili akisomea uzamili huko. Alimpigia, simu ikaita mpaka ikakatika. Baadaye kidogo ujumbe ukaingia: Mama niko sawa. Naenda bungeni na wenzangu wa hosteli. Watu wote wanaenda.

Pauline akaandika: Wewe ni mgeni huko. Rudi ndani. Nimeshazika mmoja.

Huyo mmoja alikuwa Festus, kitinda mimba wake. Mwezi wa Juni mwaka huo huo alikwenda kwenye maandamano ya kupinga kodi Nairobi akiwa na bendera na chupa ya maji. Siku hiyo pia Pauline alifuatilia kwa simu. Mchana alimwona kwenye video ya mtu asiyemjua, akicheka. Jioni picha yake ilianza kusambaa amelala barabarani, amepigwa risasi, watu wakiulizana kama kuna anayemfahamu kijana huyu. Walimzika nyumbani Bungoma, na mpaka sasa hakuna askari aliyekubali kwamba ile risasi ilitoka kwenye bunduki yake.

Linah hakujibu. Mukami alifunga saluni, akaja kuketi kwenye benchi, wakashikilia simu katikati yao. Helikopta zilikuwa zinatua karibu na bunge. Wanajeshi wenye bunduki walivunja dirisha wakaingia. Maandishi ya Kikorea yalipita mbio, Mukami akayabonyeza yatafsiriwe.

"Wanasema wabunge wanaruka ukuta, ndio waingie kupiga kura."

Kisha wakaona watu wamesimama mbele ya gari la jeshi, wakilisukuma kwa mikono kana kwamba wangeweza kulirudisha nyuma.

"Zima," Pauline alisema. Mukami alipotaka kuzima, akamshika mkono. "Hapana, wacha. Pengine nitamuona."

Kila msichana aliyevaa koti jeusi alikuwa Linah, halafu akigeuka si yeye. Pauline hakulia. Alishika kola ya shati aliyokuwa akishona, akaikunja, akaikunjua.

Giza lilikuwa limeanza kuingia Mukami aliposema, "Wamepiga kura. Ati bunge limekataa hiyo sheria."

"Na wanajeshi?"

Walitazama. Wanajeshi walikuwa wanatoka, kundi baada ya kundi, bunduki zimeelekea chini. Mmoja aliinama mbele ya watu kama anayeomba radhi, akaendelea na safari yake.

Simu ya Pauline ikalia. Nyuma ya sauti ya Linah watu walikuwa wakiimba.

"Mama, pole sana. Nilikuwa sisikii simu."

"Umeumia?"

"Hapana, Mama. Baridi tu."

"Wamekufa wangapi?"

"Hakuna aliyekufa."

"Hata mmoja?"

Linah alielewa mama yake alikuwa anauliza nini. "Hata mmoja, Mama," alisema polepole, na sasa yeye ndiye aliyekuwa analia.

Baada ya kumtuliza bintiye, Pauline alimpigia mumewe, Wamalwa, aliyebaki Bungoma kuangalia shamba. Tangu mazishi, Wamalwa hakuwa amelitaja jina la Festus. Wageni wakimtaja, alitoka nje kwenda kukagua ng'ombe.

"Linah yuko salama?" aliuliza.

"Yuko salama. Wanajeshi wameondoka."

"Basi tumshukuru Mungu."

Pauline alidhani angekata. Lakini Wamalwa akauliza, "Walikuwa na bunduki?"

"Walikuwa nazo."

"Na hawakupiga?"

"Hawakupiga, Baba Linah."

Alisikia simu ikiwekwa mezani bila kukatwa. Kisha akamsikia mumewe akilia, kilio kizito cha mtu asiyezoea, akiita, "Festus. Festus, mwanangu."

Mukami alisimama, akatoka na kuvuta mlango wa kibanda nyuma yake. Pauline alibaki na simu sikioni. Alisubiri bila kukata, mpaka Wamalwa aliporudi kuishika simu yake.